Nilimfelisha Mwenye Digrii kwa Sahani Moja

Jina langu silitoi, na ya wengine nimeyageuza. Nikilitoa, shangazi yangu atajua kwamba ya jikoni kwake nimeyapeleka kwa watu, na mimi bado nalala chini ya paa lake. Lakini kosa ni langu, lote, halina mbia. Wala shetani simsingizii. Siku ile nadhani hata yeye alisimama kando akajifunza.

Niko kidato cha tatu. Mwalimu akiuliza, "Nani anapiga kelele humu?" mimi ndiye humjibu, "Kwa sasa ni wewe peke yako, mwalimu." Nimepigishwa magoti nje ya darasa mpaka ile sakafu yanijua.

Twakaa Mji wa Kale, Mombasa, nyumba ya ghorofa yenye ngazi nyembamba, zile ambazo ukikutana na mtu mnene mmoja wenu lazima arudi alikotoka. Chini ni jiko la Shangazi Khadija. Katikati ni mimi na mama. Juu kabisa kuna chumba cha kupangisha, na hapo ndipo alipokaa Dada Mwende.

Shangazi hupika kaimati, katlesi, sambusa na mkate wa sinia. Asubuhi chakula chake huenda maofisini, jioni watu huja mlangoni na vibakuli vyao. Sifa zake zimefika Ganjoni, na waliozifikisha ni watu wanene.

Dada Mwende alitoka Kitui, huko bara. Amesoma chuo kikuu, sayansi ya vyakula, na digrii yake ameitia fremu. Lakini kazi aliyoipata Mombasa ilikuwa kusimama kutwa katika duka la vyombo huko Bondeni, akiwauzia watu ndoo na mabeseni.

Mama alimpenda mno. Na kila mama alipompenda yeye, mimi nililipia!

"Tazama mwenzio," mama alikuwa akisema. "Mpole, hana makuu, na digrii anayo. Wewe digrii yako itakuwa ya kelele."

"Mama, digrii si akili! Kama ni akili, mbona anauza ndoo?"

Mama akavua kiatu. Nikakimbilia ngazini, na huko nani nakutana naye? Dada Mwende mwenyewe, anatoka kazini, amesikia kila neno. Akanipisha nipite, akanyosha mkono akamzuia mama kwa utani. Ndivyo alivyokuwa. Jamani, aliniudhi! Mtu akikuudhi kwa ubaya waweza kumjibu. Akikuudhi kwa wema utafanya nini?

Basi ikatokea shuleni ukatangazwa mdahalo: Digrii ni kipimo cha akili. Nikapewa upande wa kupinga. Nilifurahi kama paka aliyeachiwa marikiti ya samaki.

Tatizo likawa moja. Vichekesho nilikuwa navyo, ushahidi sina. Nilitaka mtu. Mtu hai, mwenye digrii na asiye na akili. Na mimi niliyemjua kwa karibu mwenye digrii ni mmoja tu, na akili alikuwa nazo. Ikabidi nimpunguzie.

Wakati huo huo Shangazi alikuwa akitafuta msaidizi. Miguu ilimsumbua na maagizo yalizidi. Dada Mwende akasikia, akashuka jikoni na fremu yake kwapani.

Shangazi akafuta mikono kwanza, ndipo akaipokea. Akaitazama kwa heshima, kama unavyoitazama picha ya mtoto wa jirani.

"Mashallah. Muhuri mzuri," akasema, akamrudishia. "Haya, mwanangu, nimekusikia."

Dada Mwende akadhani ndiyo yamekwisha. Masikini, hakujua kwamba mtihani ulikuwa haujaanza!

Shangazi hahoji mtu. Hakuulizi umesoma wapi wala ulifanya kazi kwa nani. Yeye hupeleka sahani. Ukija kutaka kazi kwake, jioni yake utaletewa sahani ya chakula, kimya kimya, kama ujirani tu. Kisha yeye hukaa akaingojea irudi. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Waitia chochote, ndimu mbili, kipande cha muhogo, hata sukari ya kufumbata. Ukiirudisha safi, mapema, na kitu ndani, umefaulu. Yule mama anayetukandia unga aliirudisha na chumvi, hana kingine nyumbani, na Shangazi alilia siku ile akamwandika kazi hapo hapo.

"Cheti chanionyesha mtu alivyokaa darasani," husema Shangazi. "Sahani yanionyesha atakavyokaa jikoni kwangu."

Na anayezipeleka sahani hizo ni mimi. Msimamizi wa mtihani, bila mshahara.

Nikampandishia Dada Mwende sahani yake: katlesi, na mkate wa sinia uliokatwa vizuri. Kesho yake nilipotoka shule nikamkuta amesimama ngazini. Sahani iko mkononi, imeoshwa inang'ara. Na juu ya sahani kuna chupa ndogo ya asali.

"Mdogo wangu, nikuulize kitu na usinicheke."

"Mimi? Nimecheka lini?"

"Wewe hucheka hata matangani." Akashusha sauti. "Hii sahani ya Bi Khadija. Nyanyangu kule nyumbani hangerudisha kikapu cha mtu bure, angeona haya. Sasa mamangu amenitumia asali, nikaona nimwekee kidogo. Lakini huku kwenu sijui mnafanya aje. Isiwe nimekosea, na vile natafuta kazi kwake."

Jamani! Jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo mkononi, linanukia! Na bado akauliza, kwa sababu alijua kwamba hapa si kwao. Mwaka huu wote wa mdahalo na makelele sijaona mtu mwenye akili kuliko huyo aliyesimama mbele yangu siku ile. Mjinga wa ngazi ile alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyeulizwa.

Nikashika kichwa. "Asali! Dada Mwende, niambie hujamwonyesha mtu."

"Kwani?"

"Huku ukitia kitu ndani ya sahani ni kama kumlipa mtu chakula chake. Yaani wamwambia, nimekinunua, tusijuane. Shangazi atanuna mpaka Idi."

"Wacha!"

"Sasa mimi nikudanganye ili nipate nini?"

Angalieni, sikuapa. Hata mimi nina mipaka yangu. Nilimuuliza swali tu, na yeye kwa wema wake akalijibu mwenyewe.

"Ai, afadhali nimekuuliza," akasema, akavuta pumzi kama mtu aliyevushwa barabara. Kisha akanipa ile chupa. "Basi kula wewe. Asante kwa kunielekeza."

Nikakaa pale pale ngazini nikailamba kwa kidole mpaka ikaisha. Na kwa kuwa nimekuja kuungama, nitawaambia kweli: ilikuwa tamu! Sikusikia uchungu wowote. Uchungu ulichelewa njiani.

Dada Mwende akashuka. Mimi nikamfuata nyuma nikajifanya natafuta maji ya kunywa. Akainama kwa adabu, akampa Shangazi sahani kwa mikono miwili. Tupu. Na akatabasamu!

Shangazi akaitazama sahani. Akamtazama yeye.

"Ahsante, mwanangu."

"Na ile kazi, Bi Khadija?"

"InshaAllah. Tutakuita."

Hapa ndipo sikupanga, na nataka mniamini. Mtu wa kwetu akiisikia inshaAllah ile, inayotoka huku mtu amegeuka kukoroga chungu, hujua mlango umefungwa na komeo limetiwa. Hatuna desturi ya kumwambia mtu hapana usoni. Lakini Dada Mwende alisikia neno lenyewe, sauti hakuisikia. Alisikia ahadi. Kesho yake akaenda Bondeni kwa furaha, akamwambia tajiri wake wa ndoo atafute mtu mwingine.

Shangazi alibaki anaifuta ile sahani iliyokwisha kuwa safi. "Chuo kikuu chote kile, hawakumfundisha sahani."

"Si nilisema? Digrii si akili."

"Nyamaza, mtoto wewe. Nilikuwa nishampenda."

Ningesema pale pale, mambo yangeisha kwa kofi moja na kicheko. Sikusema. Nilikuwa na mdahalo!

Na mdahalo huo, ndugu zangu, niliuwasha moto. "Waheshimiwa majaji! Kuna dada mmoja namjua, digrii ameitia fremu, ya vyakula! Akapelekewa sahani ya chakula na jirani. Mnajua aliirudishaje?" Nikanyosha mikono mitupu mbele. Ukumbi wote wasichana wa pwani. Kelele zilizopigwa! Mwalimu alivua miwani akafuta machozi. Tukashinda, nikabebwa juu juu kama bibi harusi.

Jina sikulitaja. Lakini Mji wa Kale kuna mangapi yanayohitaji kutajwa? Wasichana wakaenda nayo majumbani. Mpangaji mwenye digrii ya vyakula, juu ya jiko la Bi Khadija, ni wangapi? Haukupita muda, watoto wadogo wa mtaani wakawa wanaimba chini ya dirisha lake, "Sahani Tupu! Sahani Tupu!" na kukimbia.

Nchi hii twalalamika mitihani huvuja. Mimi nimewashinda wavujishaji wote. Nilivujisha majibu ya uongo.

Kisha Mungu akanionyesha kwamba ana mzaha mkubwa kuliko wangu. Akaja bwana mmoja, mtu wa bara, mpole, wa ofisi moja huko bandarini. Wanataka chai ya asubuhi ya wafanyakazi wote, kila siku. Shangazi alikuwa akiiomba riziki kama hiyo katika kila sala! Yule bwana akaonja katlesi, akafumba macho. Akaonja ya pili.

"Mama, chakula hakina neno," akasema. "Sasa, msimamizi wako wa usalama wa chakula ni nani? Wakubwa wangu wanataka awe mtu aliyesomea."

Shangazi akanitazama mimi. Mimi nikamtazama paka.

"Mimi napika tangu sijaolewa," Shangazi akasema, "na hajaumwa mtu tumbo."

"Naamini, mama. Ingekuwa ni mimi, ungeanza kesho. Lakini wale hawaonji. Wale wanasoma."

Akaaga kwa heshima zote akaenda zake, na katlesi ya tatu mkononi.

Shangazi akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, miguu ameinyosha. "Kumbe karatasi nayo ina siku yake," akasema. Halafu akiisugua miguu, "Yule binti wa juu ndiyo aliyosomea hayo. Lakini siwezi, mwanangu. Siwezi kumtia jikoni kwangu mtu asiyeona thamani ya mkono wa mwenziwe, hata aniletee bandari nzima."

Hapo ile asali ikaanza kunipanda kooni! Nikasema naenda kufua. Nikafua nguo safi.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, twakunja sambusa mimi na Shangazi, Dada Mwende aliposhuka na begi lake.

"Bi Khadija, nimekuja kukuaga. Bondeni walishaandika mtu mwingine. Binamu yangu yuko Tudor, nitakaa kwake nikitafuta kitu."

"Mungu akufungulie, mwanangu," Shangazi akasema, macho kwenye manda za sambusa.

Dada Mwende hakuondoka. Akaliweka begi chini. "Kabla sijaenda nataka nikuombe msamaha. Watoto wananiita jina huko nje. Jana nilimshika mmoja nikamuuliza maana yake, akanieleza. Mama, sikujua. Niliambiwa huku kurudisha kitu ndani ya sahani ni kukutusi."

Mikono ya Shangazi ikasimama.

"Nani alikwambia hivyo?"

Dada Mwende akanitazama. Si kwa muda mrefu. Sambusa niliyoishika ilikuwa imepinda kama sikio la mbuzi.

"Labda nilielewa vibaya," akasema. "Kiswahili changu ni cha bara."

Lo! Angenitaja, maneno yangu yote yalikuwa tayari. Ningesema ni mzaha, ningesema hakunisikia vizuri, ningelia kidogo. Kwa kunitaja nilikuwa nimejiandaa. Kwa kufichwa sikuwa nimejiandaa kabisa! Mtu nimemkosesha kazi, nimempa jina la aibu, na anasimama pale ananisitiri mbele ya mtu wangu mwenyewe!

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

"Ni wewe nini?" Shangazi akauliza.

"Ni mimi niliyemwambia. Aliniuliza, nikamwambia uongo. Na alikuwa na asali, ya kwao. Alikuwa akuletee. Nikaila mimi."

Nilifumba macho nikingoja kofi. Halikuja. Nilipofumbua, Shangazi amejifunika uso kwa upindo wa leso yake, mabega yatikisika. Shangazi analia! Kisha akasema kwa sauti ndogo sana, "Nimemhukumu mtoto wa watu kwa ulimi wako."

Akainuka, akamshika Dada Mwende mikono yote miwili, unga na yote. "Nisamehe. Mimi ndimi mkubwa, ningeuliza. Kazi ni yako. Lipandishe begi, uanze leo."

Dada Mwende machozi yalimjaa, lakini alitikisa kichwa.

"Nimekusamehe, mama, na nakushukuru. Lakini nikitoka mlangoni wataniita. Nikipeleka chakula maofisini wataniita. Kila mmoja nitamsimamisha nimweleze kwamba nilikuwa na asali?"

Shangazi akamwachia mikono taratibu.

Kisha Dada Mwende akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Mimi nataka tu kujua," akasema. "Nilikukosea nini?"

Nikafungua mdomo. Ningesema nini? Kwamba alikosea kusoma? Kwamba mama alimsifu? Kwamba nilitaka mfano wa kuchekesha watu? Akangoja. Alingoja kweli, kama mtu aliyeuliza kwa kutaka kujua. Akabeba begi lake akaenda, Shangazi akamsindikiza mpaka barabarani, mimi nikabaki na sambusa.

Adhabu yangu ni hii. Alfajiri kabla ya shule nachoma kaimati, na mafuta yale hayana utani. Shangazi haongei nami, huongea na paka: "Paka, mwambie huyo mafuta yamechemka." Mama hanilinganishi tena na mtu yeyote, na sikujua kwamba hilo litaniuma kuliko kiatu.

Shangazi aliniamuru pia, kupitia kwa paka, nende mlango kwa mlango nikaseme kweli. Nimekwenda. Wengine walinisikiliza, wengine waliniambia, "Ah, lakini jina limemkaa!" Nimegundua uongo hupanda ngazi mbili mbili, ukweli una magoti mabovu. Shuleni ndiko kulikoniua kabisa. Nilisimama darasani, nikaeleza yote, sauti yatetemeka. Wakacheka! Wakapiga makofi! Walidhani nawaletea sehemu ya pili ya kichekesho. Rafiki yangu wa karibu alinifuata baadaye akasema, "Hiyo ya asali umeitunga vizuri, wallahi."

Nafasi jikoni bado iko wazi. Shangazi amemtumia Dada Mwende salamu Tudor zaidi ya mara moja. Yeye hurudisha salamu nzuri, haji. Ile chai ya bandarini imekwenda kwa mwingine.

Mtaniuliza, je, bado nasema digrii si akili? Nasema, na hata mje na majaji wenu. Si akili, wala kukosa digrii si akili. Sahani pia si akili. Kila kipimo mtu aliyekizoea ataonekana mwerevu mbele yake, na mgeni ataonekana mjinga. Mimi sikumpima Dada Mwende akili. Nilimpima amezaliwa wapi, nikampa sifuri, nikapigiwa makofi.

Basi wenzangu wenye midomo mirefu, nawasihi. Mgeni akikuuliza desturi ya kwenu, amekupa heshima yake yote uishike mkononi mwako. Kama wajua, mwambie. Kama hujui, sema hujui. Na ukijua, ila uongo wakuwasha kwenye ncha ya ulimi, ung'ate huo ulimi, ung'ate sana! Kidonda cha ulimi hupona upesi. Jina la mtu haliponi hivyo.